Mdudu wa Tuta la Mchanga

Nilipewa kipande changu cha barabara mwaka ule ambao mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza. Kilianzia kwenye kijito kimoja kabla ya kufika Lusangi ukitoka Kasongo, kikapanda kilima, kikaishia kwenye mti mkubwa uliopigwa alama ya chokaa. Mtu aliyeshika kipande namna ile tulimwita kantonye. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani ya kando, kuzibua mifereji, kujaza mashimo, na kusimama pembeni, kofia mkononi, gari la mukubwa, mzungu wa barabara, likipita. Wazungu ndio waliokuwa wakitawala wakati huo, na barabara ilikuwa kitu walichokiangalia kuliko nyumba zetu.

Kipande changu kilikuwa na mahali pamoja pabaya: pale kwenye kijito. Maji yalipita chini, kwenye mtaro wa magogo, na juu yake kulikuwa na tuta la udongo lililobeba barabara. Msimu wa mvua uliotangulia, tuta hilo lilikuwa limeporomoka, na lori lililobeba pamba likazama gurudumu la nyuma. Kwa ajili hiyo kantonye aliyekuwa kabla yangu alifukuzwa.

Alikuwa mzee, Mwislamu, wa ukoo uliokaa Kasongo tangu zamani. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu. Alishika kipande kile miaka mingi, na alipoondolewa hakuhama. Aliendelea kukaa na mke wake katika nyumba yake mwenyewe, kwenye mteremko juu ya barabara, mahali ambapo aliniona kila siku nikifanya kazi aliyoizoea yeye. Hakunisalimia vibaya, wala hakunisalimia vizuri. Alitembea na fimbo ndefu iliyofungwa chuma nchani, kipande cha mkuki wa zamani, na kila hatua chuma kile kiligonga mawe ya njia. Nilikuwa nikisikia mlio huo hata nikiwa nimeinama ndani ya mfereji, na kila mara nilihisi ananihukumu.

Kapita wetu, aliyesimamia vipande vingi na kupita kwa baiskeli, aliniambia siku ya kwanza, bila kushuka kitini:

"Mukubwa atapita mvua ya kwanza ikiisha kunyesha. Tuta ikishuka tena, utaenda buloko Kabambare. Na fimbo utakula."

Nilimjibu, "Ndiyo, kapita." Nini kingine ningesema? Nilikuwa nimewaona watu wakirudi kutoka buloko ile, jela ya Serikali. Wengine hawakuweza kukaa kwa siku kadhaa, walikula wamesimama.

Basi tukajenga. Mimi na mke wangu tulibeba udongo kwa vikapu kwa majuma mengi. Tuliuchota karibu, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo watu walikuwa wamekata msitu zamani na sasa palikuwa na majani matupu. Udongo wake ulikuwa mchanga mwepesi, rahisi kuchimba, jembe linaingia lenyewe. Nilifurahi kupata udongo mzuri namna ile karibu na kazi. Tulipomaliza, tuta lilikuwa sawa kama meza. Mke wangu akaniomba ruhusa aende kwao kumwona mama yake kabla tumbo halijawa zito zaidi. Yeye kwa kabila alikuwa Mubangubangu, kwao ni mbele ya Lusangi, upande wa Kabambare, mimi Muzimba. Nikamwambia aende, kazi kubwa imekwisha.

Mvua ya kwanza ikanyesha, tuta likakaa. Niliimba siku ile.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nikakuta vishimo.

Vilikuwa vishimo vya mviringo, vimekwenda chini wima kana kwamba vimetobolewa kwa chuma. Kidole changu cha kati kiliingia chote bila kugusa mwisho. Juu ya kila kimoja, au kando yake, palikuwa na kichuguu kidogo cha udongo mbichi, vipande vifupi vya mviringo vilivyorundikana. Nilivihesabu nikafika kumi na kitu, nikaacha. Nikajaza vyote, nikavikanyaga kwa kisigino. Kesho yake vilikuwa vimerudi, na vimezidi. Nikajaza tena. Nilianza kuota fimbo.

Asubuhi ya tatu nilifika mapema, ukungu bado umelala juu ya kijito. Na pale, katikati ya tuta langu, alisimama yule mzee. Alikuwa anachoma fimbo yake ardhini. Aliichomoa, akatazama ncha, akasogea hatua moja, akaichoma tena.

Nikapiga kelele, "Baba! Unafanya nini pale?"

Hakushtuka. "Naangalia."

"Unaangalia nini?"

"Udongo," akasema. Akageuka, akaanza kupanda mteremko polepole na mguu wake ule.

Nilipofika pale aliposimama niliona alama za fimbo yake. Nikapima kwa kidole. Zilikuwa na unene uleule wa vishimo. Damu ilinipanda kichwani. Nikajiambia: ameondolewa kazi, sasa anataka na mimi niondolewe, anataka tuta lishuke nipelekwe buloko. Kila kitu kilielekea kukaa mahali pake. Ukimya wake, salamu zake za nusunusu, ule mlio wa chuma njiani.

Kapita alipopita saa sita, nilimwambia. Nilisema kwa kinywa changu mwenyewe, "Nimemuona kwa macho. Anatoboa tuta na fimbo yake." Sikusema kwamba nilimwona mara moja tu, wala sikusema kwamba vishimo vilikuwapo tayari kabla sijamwona. Nilitaka kapita akasirike, na alikasirika. Yeye pia aliogopa mukubwa.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa mzee, nami nikamfuata. Akachukua fimbo kama ushahidi, akamwamuru mzee atangulie kwa miguu kuelekea kambi ya mukubwa wa barabara. Mzungu yule alikuwa mbele huko, mwendo wa nusu siku, akitengeneza daraja. Mzee hakubishana. Alivaa kofia yake nyeupe, akamwambia mke wake jambo fulani kwa sauti ndogo, akaondoka akichechemea, safari hii bila fimbo ya kuegemea.

Mke wake alibaki mlangoni. Hakulia. Aliniangalia, akaniuliza, "Mwanangu, uliona yeye anachimba, ao uliona yeye anasimama?"

Nilirudi kwenye tuta, nikajaza vishimo vyote, nikavikanyaga vizuri mpaka pakawa laini.

Jioni ile mke wangu akarudi kutoka kwao. Nilimsimulia kila kitu huku akitua mzigo wa kichwani, na nilisimulia kwa majivuno kidogo, kama mtu aliyekamata mwizi. Yeye alikaa, akanyoosha miguu iliyovimba, akasema tu, "Kesho unionyeshe ile vishimo."

"Kesho haviko tena," nikamwambia. "Mwenyewe iko kwa mukubwa."

Asubuhi tulishuka pamoja. Vishimo vilikuwapo. Vilikuwa vingi kuliko siku zote, vingine vimetoboka mahali nilipokanyaga kwa nguvu zaidi. Fimbo ilikuwa kambini kwa mukubwa, na mwenye fimbo vilevile. Nilielewa kabla mke wangu hajasema neno, ila sikutaka kuelewa.

Yeye alichuchumaa kwa shida, mkono mmoja mgongoni, akagusa kichuguu kimoja kwa ncha ya kidole.

"Hii ni dudu," akasema. "Kwetu anachimba njia ya kwenda kisimani, kila mvua ikianza. Watoto wanamutafuta."

"Dudu gani inachimba namna hii?"

"Lete kisu. Na unyasi murefu, mugumu."

Aliingiza unyasi ndani ya kishimo mpaka ukagota. Kisha akaniambia nichimbe kando yake, nifuate unyasi, nisiuache, kwa sababu mchanga ukianguka ndani njia inapotea. Cha kwanza nilikiharibu. Unyasi ulipinda, mchanga ukajaa, sikuona kitu. Cha pili nilichimba nimelala kifudifudi. Mkono ulizama mpaka kiwiko, ukapita kiwiko. Udongo wa chini ulikuwa wa baridi na unyevu. Halafu unyasi ukaisha, na vidole vyangu vikagusa kitu kigumu kilichosukumana na mimi.

Nilikitoa. Kilikuwa mdudu wa mviringo, mnene, ukubwa wa harage kubwa, rangi ya kutu inayong'aa kama iliyopakwa mawese. Chini ya tumbo alikuwa na manyoya ya rangi ya dhahabu. Miguu ya mbele ilikuwa na meno kama reki. Kichwani alikuwa na pembe moja iliyosimama. Nilipomfunga katika kiganja alianza kusukuma kati ya vidole, na nilishangaa nguvu zake, mdudu mdogo hivyo. Kisha akalia. Nasema kweli, alilia, kwa sauti nyembamba ya kukwaruza, kama mlango mdogo unaofunguliwa mbali.

Nikacheka. Nilicheka mpaka macho yakaniuma, na mke wangu akaniangalia bila kucheka, akasema, "Na baba wa watu?"

Tulichimba vingine haraka. Wakawa wadudu watatu: wawili wenye pembe, mmoja hana; mke wangu alisema yule ni jike. Nikawatia ndani ya mkebe wa maziwa na mchanga mbichi, nikafunika na jani, nikashika njia. Sikula. Sehemu za tambarare nilikimbia, milima niliipanda kwa mwendo wa kawaida, na njia nzima nilikuwa nikimwona mzee yule amelazwa chini kwenye uwanja wa kambi, kofia yake nyeupe imeanguka pembeni. Kama wamekwisha kumpiga, nilifikiri, nitarudi kwa mke wake na uso gani?

Nilifika jua limeanza kuinama. Kitu cha kwanza nilichokiona ni ile kofia, kichwani kwake, imekaa sawa. Alikuwa ameketi juu ya gogo, mikono imefungwa kwa kamba, polisi mmoja amesimama karibu. Mukubwa alikuwa ng'ambo ya mto tangu jana, hajarudi. Hakuna aliyemgusa.

Kapita akanijia. "Umekuja kufanya nini? Nani anaangalia barabara?"

"Nimekuja kusema nilikosa. Haiko yeye. Ni dudu."

"Dudu!" Kapita akaninong'oneza kwa hasira, "Weye unataka mukubwa atupige sisi wote wawili? Rudi!"

Lakini mukubwa alikuwa anavuka tayari, kwenye mtumbwi. Alikuwa mzungu mwembamba mwenye uso mwekundu, na alisema Kiswahili chake mwenyewe, cha kukatakata. Alimsikiliza kapita, akaitazama fimbo, akamtazama mzee. Mimi nikasogea mbele, kofia mkononi, nikasema tena. Nikafungua mkebe.

Alichungulia. "Hii? Hii dudu kidogo natoboa barabara ya Serikali?"

"Ndiyo, Bwana. Mukono wangu umeingia muzima."

"Weye na huyu muzee mulisikilizana. Alikupa kuku?"

"Hapana, Bwana."

"Basi, aonyeshe. Achimbe."

Nikawaweka wadudu wote watatu chini, mbele ya viatu vyake. Walikunja miguu, wakalala chali kama mbegu. Tukangoja. Hakuna aliyesogea. Mmoja akajigeuza, akakwaruza ardhi kidogo, akaacha. Polisi akaanza kucheka, kapita naye, kicheko cha kujipendekeza. Mukubwa akanyoosha mkono kuipokea fimbo ya ushahidi, na mimi nikahisi mambo yananiponyoka.

Ndipo mzee akasema, kutoka pale kwenye gogo, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza fundi mwanafunzi:

"Mwanangu, hapa ni mawe. Yeye hakai kwenye mawe. Umuwekee muchanga, wenye maji kidogo."

Nilitazama chini. Uwanja wa kambi ulikuwa udongo mwekundu wa changarawe, umekanyagwa na malori mpaka ukawa kama tofali. Nikageuka, nikaona ndoo za mchanga wa mto, waliouchota kwa kuchanganya saruji ya daraja. Sikuomba ruhusa. Nikavuta ndoo moja, nikanyunyiza maji kiganja kimoja, nikamweka yule mwenye pembe juu.

Alikaa kimya kidogo. Kisha miguu ikafunguka. Akainamisha kichwa, akaingiza pembe, na ile miguu ya meno ikaanza kutupa mchanga nyuma. Nusu ya mwili ikazama. Mgongo ukazama. Kikabaki kishimo, na kutoka ndani yake mchanga ukaanza kusukumwa juu, pumzi kwa pumzi, mpaka kikajengeka kichuguu kidogo, sawasawa na vile vya tuta langu.

Mukubwa alichuchumaa. Alitazama muda mrefu, mikono juu ya magoti. Akasema neno la lugha yake, akamweka wa pili, naye akazama. Akacheka kama mtu aliyesahau kwamba ni mukubwa. Kisha akasimama, akajikung'uta, akamwambia polisi:

"Fungua huyu."

Mukubwa alimtia yule jike ndani ya kopo lake la tumbako, sijui alimpeleka wapi. Akaniambia atapita kwenye tuta langu baada ya siku tatu, na nikamwona anapata tena uso wake wa kazi. "Dudu ao hapana dudu," akasema, "tuta isimame."

Kapita alimrudishia mzee fimbo bila kumtazama.

Tulirudi wawili. Tulilala njiani kwa jamaa zake, na asubuhi tukaendelea, polepole, kwa mwendo wa mguu wake. Nilikuwa nimetafuta maneno tangu kambini. Mwisho nikasema tu, "Baba, unisamehe. Nilikusingizia."

Aligonga chuma cha fimbo kwenye jiwe la njia.

"Nilikuwa napima," akasema. "Fimbo ikiingia bure, na maji itaingia bure vilevile. Miaka yote nilipima namna ile."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinifokea kama mwizi. Na tena nilikuwa na hasira na weye, usidanganyike. Nilisema moyoni, acha, aone mwenyewe." Akasimama apumzishe mguu. "Ile haikuwa vizuri. Na miye unisamehe."

Hayo ndiyo yote tuliyoambiana juu ya jambo lile. Njia iliyobaki alinifundisha. Aliniambia mdudu yule hutoka na mvua za kwanza, jua likizama, anaruka chini chini akivuma, anatafuta mahali pa kuingia. Anapenda mchanga ulio na unyevu, pale msitu ulipokatwa na majani yakaanza. Kwenye mfinyanzi hakai, na kwenye udongo mwekundu wa changarawe hawezi. Wengine husema anakula uyoga ulio chini ya ardhi. Mzee hakujua, hajawahi kumwona akila. "Weye ulitoa udongo wapi?" akaniuliza, ingawa alikuwa ameniona. Nilimwambia: ng'ambo ya kijito. Akacheka kwa mara ya kwanza. "Basi ulimubeba yeye mwenyewe na nyumba yake, ukamuweka barabarani."

Hata yeye, akasema, hakuwahi kupata nguvu za kubeba udongo mwekundu kutoka kilimani. Mguu ulimzuia, na hakuna aliyempa mtu wa kumsaidia. Kwa hiyo tuta lilimshinda.

Tulifika mchana. Mke wake alikuwa amekaa nyumbani kwangu, yeye na mke wangu wakichambua kisamvu. Alipomwona mume wake anateremka njia na fimbo mkononi, alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaendelea na kazi, machozi yakianguka juu ya majani.

Siku ile na kesho yake tulibeba udongo mwekundu kutoka juu ya kilima. Ndugu wawili wa mke wangu walikuja, na jirani mmoja. Tulitoa mchanga wa juu wa tuta, unene wa mkono, tukajaza ule mwekundu, tukanyunyiza maji, tukaupiga kwa magogo mazito. Mzee aliketi kwenye kigoda akielekeza. Alipita akichoma fimbo yake kila mahali. Ikiingia, tulipiga tena. Mwisho chuma kiligonga juu tu, kikarudi.

Mvua kubwa ikanyesha jioni ya pili. Asubuhi nilishuka nikikanyaga taratibu, kama mtu anayekaribia mgonjwa. Maji yalikuwa yameteremka pembeni na kwenda zake. Tuta lilikuwa zima. Vishimo vilikuwapo, lakini ng'ambo, kwenye mchanga wao, makumi kwa makumi, na nilivitazama kwa moyo mweupe kabisa.

Mukubwa alipita saa nne, na lori lililobeba magogo ya daraja likamfuata nyuma. Alisimamisha gari, akashuka, akakanyaga tuta kwa kiatu mara mbili. Lori likapita, magurudumu yakaacha alama nyembamba tu. Akamwona mzee juu ya kigoda chake, akamwinulia kofia kidogo, jambo ambalo sikuwahi kuona mzungu akimfanyia mtu wetu. Kisha akaniambia, "Mizuri," akaondoka.

Kapita alibaki nyuma akitaka kunieleza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na shaka. Nilimwachia mzee amsikilize. Nilipanda nyumbani, nikavua shati lenye matope, nikalala kwenye mkeka mchana ule wote. Watu walipokuja kuniulizia, mke wangu aliwaambia kwamba niko kazini.